Boti Haiuachi Mwangwi Nyuma

Wenye boti za faiba hawaachi kuniuliza: kipimakina changu kinasoma vizuri nikienda polepole, lakini nikiongeza mafuta namba zinarukaruka au zinapotea, ninunue mashine ya wati ngapi? Hakuna wati za kununua. Mashine inayoiona sakafu ya bahari boti ikiwa imesimama ina nguvu ya kutosha. Bahari haikuongezeka kina kwa sababu umeongeza mafuta.

Swali hilo linatokana na imani kwamba boti ya kasi huuacha nyuma mwangwi wa sauti ambayo kipimakina hutuma chini, kabla haujarudi. Manahodha wanaiamini, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata mafundi wanaolipwa kufunga vyombo hivi wanaieneza. Basi tupige hesabu. Sauti majini husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 10 inakwenda na kurudi mita 20, kazi ya sekunde 0.013. Boti inayokata noti 25 husogea karibu mita 13 kwa sekunde. Hadi mwangwi unafika, boti imesogea sentimita 17, haijatimiza hata shibiri. Wakati huohuo mwale wa sauti wenye upana wa nyuzi 20 umefunika chini duara la mita 3 na nusu hivi. Nani kamwacha nani?

Kutokana na imani hiyo kuna fundi anayeilaza transdusa, yaani kile kichwa kinachotuma na kupokea sauti, ielekee mbele, eti iuwahi mwangwi. Hili si kosa dogo. Mwale uliolala hupima mshazari: ukiulaza nyuzi 30, mita 10 zinaweza kusomeka 11 na nusu. Umelipa pesa ili chombo chako kikudanganye kwamba una maji mengi kuliko uliyonayo. Penye sakafu laini, sauti nyingi huruka kwenda mbele na hairudi kabisa.

Kinachoua usomaji ni hewa. Boti ikinyanyua omo na kuanza kuteleza juu ya maji, viputo hupita chini yake hadi tezini, na kila mgongo wa faiba, skrubu au tundu la kuingizia maji huongeza vingine. Sauti inayotoka majini ikikutana na hewa hurudi karibu yote. Ukizidisha wati mara mbili umeongeza desibeli 3 tu, na nguvu hiyo inagonga pazia lilelile la viputo. Ukiongeza usikivu wa mashine, hali huwa mbaya zaidi, kwani itaanza kuyahesabu mapovu kuwa ndiyo sakafu na kukuandikia nusu mita katikati ya mkondo wa Pemba.

Tena mashine nyingi zikipoteza mwangwi huiacha namba ya mwisho ikimetameta kwenye kioo. Kwa noti 25, namba ya sekunde tano zilizopita ni ya mahali ulipokuwa zaidi ya mita 60 nyuma. Namba inayometameta si kipimo.

Sasa la kufanya. Kwanza, boti ikiwa imesimama na gia haijaingia, pandisha mwendo wa injini: namba zikivurugika, tatizo ni umeme, kwa hiyo tenga waya wa transdusa na nyaya za injini na za redio. Zikitulia, tatizo ni mahali transdusa ilipofungwa. Kwa injini moja yenye propela inayozunguka kulia, ifunge upande wa kulia wa tezi, mbali na propela, isiwe nyuma ya mgongo wala tundu lolote. Uso wake utokeze chini ya faiba kama milimita 3, na kwa boti ya alumini kama milimita 9. Sogeza kidogo kidogo, jaribu, sogeza tena. Kama faiba ya chini ni nzima, haina mbao wala povu katikati, unaweza kuigundisha ndani ya boti kwa epoksi isiyo na kiputo hata kimoja. Utapoteza nguvu kiasi, lakini mapovu ya tezini hayataigusa. Kwa boti ya mbao njia hii haifai: tumia transdusa ya tezini au inayopenya ubao. Futa ukoga kwenye uso wake. Kwenye maji ya kina kifupi tumia kilohezi 200.

Hata ukifunga vizuri kiasi gani, kipimakina hutazama chini, hakitazami mbele. Miamba ya matumbawe kama ile ya visiwa vya Chumbe na Bawe hunyanyuka ghafla, na wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, hivyo fungu ulilolipita maji yakiwa yamejaa huenda yakipwa likawa limekaribia uso wa maji. Penye miamba punguza mwendo, hata kama namba kwenye kioo inakuridhisha.