Mkeka Katika Barabara ya Peponi

Nairobi kuna barabara iitwayo Peponi. Yapita Spring Valley, upande wa Westlands, kwenye miti mikubwa na kuta ndefu, ambako mpita njia huona mapaa tu na walinzi malangoni. Huko ndiko nilikoitwa na kampuni moja, ambayo sitaitaja, niitungie beti za sifa. Ilikuwa imewafadhili akina mama wasukaji wa kijiji kimoja cha pwani, na ikataka wageni wake wauone wema huo bustanini, wakinywa chai.

Ukutani palitundikwa mkeka. Niliusogelea kama mtu aliyeona jamaa yake ugenini. Alifu yangu ya kwanza niliisoma chuoni nikiwa nimekaa mkekani, na marehemu mama alikuwa msukaji. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kazi hiyo: miyaa huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili pima kwa pima, kisha ukili ukashonwa. Ni kazi ya majuma, si ya siku.

Chini ya mkeka palikuwa na bei, nayo haikuwa ndogo. Nikamwuliza kijana wa kampuni, "Na aliyesuka amepata ngapi?"

Akanijibu kwa adabu, "Mzee, zao zitatumwa hesabu zikifungwa. Lakini tumewapa mafunzo, na kila mmoja fulana."

Miezi mitatu mikeka ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na hesabu hazijafungwa.

Sisemi kwamba makampuni yote ni hayo. Kazuri, kiwanda cha shanga kule Karen, kilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, kikakua kikawaajiri wengi. Hapa hapa Spring Valley, duka la Spinners Web lilijulikana kwa kuuza kazi za vikundi vya mafundi wa mikono kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Huko msaada ni soko lenyewe: mama auza, apata chake.

Lakini ufadhili mwingine hupenda kuhesabu vichwa. Coca-Cola ilitangaza mwaka 2010 kwamba itawawezesha wanawake milioni 5 ulimwenguni kufikia mwaka 2020. Ni nia njema. Ila hesabu ya vichwa ni nyepesi, hesabu ya mifuko ndiyo nzito. Tazameni Unguja, ambako kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kampuni za ununuzi zilizoea kuwapa kamba na vifaa, nao wakaziuzia mwani kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Kamba ya bure nayo hufunga.

Wala isisemwe kwamba fedha haina njia ya kufika kijijini. Tangu mwaka 2007 tuna M-Pesa, na makao ya Safaricom yako Westlands hapo, karibu na Spring Valley. Fedha hutoka Nairobi ikafika Lamu kabla chai haijapoa. Anayechelewesha, achelewesha kwa kupenda.

Chuoni tulifundishwa mambo mawili ambayo hata mtoto mzito wa kuhifadhi hakuyasahau: mtenda kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na masimango huibatilisha sadaka. Ujira ni haki, sadaka ni hiari. Anayezuia ujira, kisha akatoa fulana mbele ya wapiga picha, amekosea yote mawili.

Hata hivyo nilisita kuandika. Bahasha niliyoahidiwa ningeipoteza, na hilo ni dogo. Niliogopa kampuni isije ikakasirika, akina mama wakakosa hata hicho kidogo. Nikampigia simu mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, nikamwuliza ninyamaze au niseme. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Maalim, sema. Ila kijiji usikitaje. Na uwaambie sisi hatuombi, sisi twauza."

Basi nikatunga ubeti mmoja, nikampa yule kijana:

Picha msizipigeni, kabla hamjamlipa,
Asuka tangu jioni, vidole ngozi na fupa,
Sukari yake dukani, kwa mkopo amekopa,
Haki kwanza mumpeni, ndipo sadaka kumpa.

Aliusoma mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni. Siku ya sherehe hawakuniita. Lakini juma lililofuata yule mama alinipigia. Fedha za mwezi mmoja zilikuwa zimeingia. Miwili bado. Sijui kama ni ubeti uliofanya kazi au ni hesabu zilizofungwa. Nami nimeandika haya kwa ajili ya ile miwili.