Acha Kuniuliza Video ya Kumalizia Gemu

"Fundi, hii gemu bila video haimaliziki, sivyo?"

Swali hili limenichosha. Naulizwa kwenye meza yangu ya ufundi hapa Angurai, naulizwa nikishuka Malaba kutafuta vipuri, naulizwa hata na wazazi wanaotaka kujua kama mtoto anahitaji bando zaidi ili avuke levo. Muulizaji huwa ameshika mashine ya gemu, ama Game Boy ya mtumba ama Switch aliyotumiwa na jamaa aliye ng'ambo, na simu ameiegemeza mbele yake, video inacheza. Anatazama simu, anabonyeza, anatazama simu tena. Jibu langu halijabadilika: inamalizika. Na leo nataka kulieleza mara moja kwa wote.

Tuchukue gemu inayozua swali hili mara nyingi kuliko zote, The Legend of Zelda: Link's Awakening. Ilitoka mwaka 1993 kwenye Game Boy, ikatiwa rangi mwaka 1998, kisha ikaundwa upya kwa ajili ya Switch mwaka 2019. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili watoto waliicheza gemu hii kwenye kioo kidogo kisicho na intaneti, bila video hata moja, na waliimaliza. Aliyeshawishika kwamba haimaliziki bila video anieleze wale waliimalizaje.

Hapo huletwa hoja ya pili: kwamba zamani kulikuwa na vitabu vya mwongozo, na kwamba Nintendo yenyewe, iliyoiunda gemu hii, ilikuwa na washauri wa kupigiwa simu kule Marekani. Ni kweli. Jarida lao la Nintendo Power lilianza mwaka 1988 na lilijaa ramani na siri. Lakini kitu kuuzwa hakuthibitishi kwamba kinahitajika. Ukitaka kujua kama gemu inahitaji msaada wa nje, itazame yenyewe, uone ndani yake mna msaada kiasi gani. Na humu mna msaada tele, ila mwenye video hauoni kwa sababu macho yake yako kwenye simu.

Unapoamka katika kisiwa cha Koholint hujui lolote. Unapewa ngao, unatoka nje, na njia zote isipokuwa moja zimezibwa: huku jiwe lisilobebeka, kule shimo lisilorukika. Huo mwamba uliokuzuia ndio mwongozo wako wa kwanza. Unakwambia uukumbuke, utarudi ukiwa na nguvu. Ukifika ufukweni na kupata upanga, bundi anatua na kukuelekeza unakopaswa kwenda. Huku kwetu bundi hana sifa nzuri, nimeona vijana wakibonyeza haraka haraka ili aondoke. Humo ndiye mwalimu. Msikilize.

Kisha kuna simu. Kisiwani humo vimetawanywa vibanda vya simu, na ukiinua mkonga unazungumza na mzee aitwaye Ulrira. Ukimtembelea nyumbani ana haya, hasemi la maana. Kwenye simu anafunguka, na anachokwambia hubadilika kulingana na pale ulipofika. Waundaji waliweka simu ya kuomba msaada ndani ya gemu yenyewe, bure, bila bando. Kijana aliyeniambia juzi kwamba gemu "haisemi uende wapi" alikuwa hajawahi kuinua simu hiyo.

Sasa ingia mapangoni. Kila pango lina vitu vitatu vya kukuelekeza: ramani, dira na mdomo wa jiwe. Dira hiyo hutoa mlio ukiingia chumba chenye ufunguo uliofichwa. Mwenye video huwa amezima sauti ya gemu ili asikie sauti ya msimulizi, basi mlio unampita, halafu analalamika kwamba funguo zimefichwa kwa ukatili. Mdomo wa jiwe nao hukuwezesha kusoma mawe yenye sura ya bundi, na kwenye mawe hayo kumeandikwa vidokezo.

Mfano mmoja unatosha. Katika pango la pili, Bottle Grotto, kuna chumba chenye maadui wa aina tatu. Unawaua wote, na hakuna kinachotokea. Unatoka, unarudi, wamefufuka, unawaua tena, kimya. Hapa ndipo wengi hukimbilia simu. Lakini tayari umepata jambo kubwa: umejua kwamba kuwaua tu hakutoshi, kwa hiyo namna ya kuwaua ina maana. Na jiwe la bundi humo humo pangoni linataja nani aanze na nani awe wa mwisho. Sitakuandikia majina. Aliyelitafuta jiwe hilo, akalisoma na kurudi chumbani, amejifunza kwamba vidokezo vya gemu hii ni vya kweli na viko karibu. Somo hilo atalitumia katika mapango sita yanayofuata. Aliyetazama video amepata sanduku lenye ufunguo basi. Kwenye pango la tatu atakwama tena, na la nne, na la tano, kwa sababu kila chumba kinafundisha kitakachoulizwa mbele, naye amekuwa akipita bila kufundishwa. Ndiyo maana wenye video ndio wanaokwama zaidi. Nimeona hivyo mwaka nenda mwaka rudi.

Mwanafunzi wa sekondari ataelewa haraka. Anayesoma mwongozo wa Bembea ya Maisha bila kuifungua tamthilia yenyewe anaweza kukutajia maudhui na wahusika, lakini muulize swali ambalo mwongozo haukulitarajia, uone.

Wapo wanaosema video huokoa muda. Muda upi? Asiye na haraka huimaliza Link's Awakening kwa takriban saa kumi na tano. Ukiongeza kutazama, kusimamisha, kurudisha nyuma na kutafuta video ya chumba ulichomo, muda unaongezeka, na bando linakwisha juu yake. Isitoshe, hukuinunua mashine hii ili uokoe muda. Ulitaka saa kumi na tano za kutangatanga kisiwani, kisha unalipa pesa ili uzifupishe.

Hasara kubwa iko kwingine. Katikati ya gemu hii kuna mchoro ukutani unaobadilisha maana ya safari nzima. Ukiufikia mwenyewe, baada ya kuwazoea watu wa kisiwa kile, utaiweka mashine chini na kunyamaza. Video nyingi hulitaja jambo hilo kwenye kichwa cha habari kabla hujabonyeza. Likishatajwa halirudishiki. Nina hasira juu ya hilo, na siifichi.

Haya si matakwa yangu binafsi, ndivyo gemu za Zelda zilivyokusudiwa. Shigeru Miyamoto, aliyebuni Zelda ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 1986, alikulia Sonobe karibu na Kyoto, na ameeleza mara nyingi jinsi alivyozurura mashambani utotoni hadi akakuta pango, akaingia na taa kujionea. Mtoto wa huku aliyewahi kupanda mawe ya Chelelemuk na kufika Kakapel penye michoro ya kale anaijua hamu hiyo. Breath of the Wild, Zelda ya mwaka 2017, imejengwa juu ya hamu ile ile. Inakufungia kwanza kwenye uwanda mmoja wa juu, inakufundisha zana zako katika mahekalu manne, kisha inakupa parachuti na kukuacha. Wabunifu wake walieleza kwamba waliitapanya milima ya umbo la pembetatu ili ikufiche kilicho nyuma na kukulazimisha uchague: uupande au uuzunguke?

Humo wameficha mbegu 900 za Korok. Vijana wanachapisha ramani za mbegu zote na kuziwekea alama moja moja kama karani wa forodhani. Mbegu 441 zinatosha kupanua mifuko yote. Anayefikisha 900 hupewa zawadi isiyomwongezea nguvu yoyote. Waliweka nyingi hivyo ili popote upitapo ukute moja. Hawakukusudia uzimalize.

Sasa yapo mambo matatu yanayomkwamisha mtu kweli, nayo nayakubali. Kwanza, lugha. Gemu hizi hazina Kiswahili wala Kiteso, na kaseti nyingine za mitumba zimeandikwa Kijapani kitupu. Kidokezo usichokielewa si kidokezo. Hapo tafuta mtu akutafsirie maneno ya bundi, asikupe jibu. Pili, ubovu. Kaseti za zamani huhifadhi mchezo kwa betri ndogo ya kitufe. Ikifa, kila ukiwasha unaanza upya, na kaseti nyingi bandia hazina betri kabisa. Kijiti cha Switch kikichakaa, mhusika hutembea mwenyewe na kutumbukia shimoni. Hayo ni ya fundi, na hakuna video itakayoyatibu. Tatu, zipo gemu za miaka ya themanini, Zelda ya kwanza ikiwemo, zilizoficha milango chini ya vichaka visivyo na alama yoyote. Hizo zilitegemea watoto kuambizana shuleni. Basi ambizaneni.

Na ukikwama kawaida, fanya hivi. Ongea na kila mtu kijijini, mara mbili. Piga simu kwa Ulrira. Kwenye Switch tumia alama za ramani na usome upya mazungumzo yaliyohifadhiwa. Kwenye Game Boy nunua daftari la kurasa chache, uchore. Ukipata zana mpya, rudi kila palipokuzuia. Washa sauti. Jaribu zana zote ukutani, hata zinazoonekana hazihusiani. Zima, lala, uendelee kesho. Muulize rafiki aliyemaliza akupe kidokezo kimoja tu, na mkatalie akianza kukuonyesha. Ukishindwa jioni tatu mfululizo chumba kile kile, soma maelezo ya maandishi ya chumba hicho peke yake, sentensi moja, ufunge. Na zile programu za simu zinazokuahidi hela zisizoisha ndani ya gemu, usiziguse. Nyingi zinaishia kuniletea simu yenyewe ikiwa imeharibika.

Wazazi, msiongeze bando. Mpeni mtoto daftari na kalamu, na mkimkuta amekaa kimya akikodolea macho mlango usiofunguka, mwacheni. Anafikiri, na gemu hiyo ilitengenezwa kwa ajili hiyo.