Bunduki za Kazeh, mizimu ya Unyanyembe

Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857, aliyewakaribisha alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman wa ukoo wa Harthi. Mfanyabiashara mwingine mwenye jina kubwa pale alikuwa Musa Mzuri, Khoja aliyetokea Surat, Bara Hindi. Hapo penye chimbuko la mji wa Tabora, Waibadhi, Makhoja na Wasuni wa Mrima walikuwa wameshajenga matembe, wakanunua pembe na kupakia misafara. Ardhi, hata hivyo, haikuwa yao. Ilikuwa ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuonyesha haja ya kuwa.

Anayesoma historia ya dola za Kiislamu za kale amezoea picha nyingine. Huko mtawala ni Mwislamu, raia wa dini nyingine hulipa jizya, na kwa malipo hayo huachiwa ibada yake. Muhammad bin Qasim alipoitwaa Sindh mwaka 712, Wahindu na Wabudha waliruhusiwa kubaki na mahekalu yao kwa msingi huo. Mpango huo haukudumu daima wala kila mahali. Khalifa al-Hakim wa Misri aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu mjini Jerusalem libomolewe mwaka 1009, na watawala wa Kiislamu wa Almohad walipoitwaa Córdoba mwaka 1148, familia ya mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maimun ililazimika kuihama. Cha ajabu, mtu huyohuyo baadaye alikuwa tabibu wa wakuu wa Kiislamu mjini Cairo.

Unyanyembe iligeuza picha hiyo juu chini: mlipaji alikuwa Mwislamu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa njiani, na Wagogo hasa waliwakamua wasafiri, kwa kuwa wao ndio walioshika maji ya nchi kavu. Mfanyabiashara aliyetaka usalama zaidi ya ule wa hongo alioa. Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara maarufu Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na ukwe huo ukamfungulia milango ambayo mzigo wa vitambaa na shanga usingeweza kuifungua.

Utulivu huo ulivunjwa na kodi, si na dini. Mnywa Sere, aliyemrithi Fundikira, alidai ushuru kwa bidhaa zilizoingia nchini mwake. Waarabu wakakataa, wakashika bunduki, wakamfukuza na kumweka Mkasiwa kitini. Mnywa Sere alipigana vita vya msituni kwa miaka kadhaa; Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo, na Mnywa Sere mwenyewe akauawa mwaka 1865. Ushindi, basi, ulikuwa wa wenye bunduki. Lakini mtemi mpya aliendelea kutambika kwa mizimu ya mababu zake, na hakuna aliyemtaka atamke shahada.

Kwa nini? Wapo wanaousifu Uibadhi wa Oman, ambao kweli haukuwa na desturi ya kuwavuta watu. Sultani Said kule Unguja alikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni, na akamwachia Jairam Shivji, Mhindu, forodha yake yote. Hiyo ni sehemu ya jibu, nayo ndiyo sehemu nzuri. Sehemu chungu ni kwamba sheria ya Kiislamu inakataza kumtia utumwani Mwislamu aliye huru. Kwa mtu aliyeishi kwa kununua pembe na watu, kuisilimisha nchi nzima kungekuwa kujifungia soko. Ustahimilivu wa Kazeh ulikuwa na faida yake, na faida hiyo ilitembea ikiwa imefungwa minyororo.

Kutoguswa kwa imani hakukumlinda mtu, na mmisionari na mpelelezi David Livingstone alishuhudia hilo akiwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Julai 1871. Watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake sokoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hakuna aliyewauliza waliouawa wanaabudu nini.

Mwezi uliofuata vita vilibisha hodi Tabora kwenyewe. Mirambo wa Urambo, aliyekuwa amefunga njia ya Ujiji, aliushambulia mji na ruga-ruga, wapiganaji wake, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa, akafa vitani. Waliotaka kuviita vita vya dini wangepata taabu kumweleza Mirambo. Mwaka 1879 mtu huyo alimkaribisha Urambo daktari mmisionari Mwingereza, Ebenezer Southon, wala yeye mwenyewe hakubatizwa. Alitafuta dawa, bunduki na marafiki wa ng'ambo, akizipima dini zote kwa mizani ileile.

Mwisho wa nguvu za Waarabu ulikuja kwa namna inayomfanya mtu atabasamu. Agosti 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora na Emin Pasha: Mjerumani aliyezaliwa Myahudi, akabatizwa Mlutheri, kisha akajipa jina la Kiislamu katika utumishi wa Waturuki. Waarabu walikubali mapema. Aliyekataa alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe na mtu wa mizimu, aliyepigana hadi Januari 1893 na kuilipua baruti ndani ya ngome yake adui walipokwisha kuingia.

Hapo ndipo Uislamu ulipoanza kuenea kwa kasi, baada ya Waislamu kupoteza madaraka. Chini ya Wajerumani, akida, askari, wapagazi na wafanyabiashara wadogo waliubeba vijijini pamoja na Kiswahili, na masheikh wa tariqa ya Qadiriya wakakusanya watu kwenye dhikri bila kuuliza nani alikuwa mtwana na nani mwungwana. Ikulu ya Unyanyembe nayo haikubaki nyuma: Abdallah Said Fundikira, mtemi aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, alikuwa Mwislamu wa ukoo uleule ambao Waarabu wa Kazeh waliuacha na mizimu yake.