Hadubini ya Plastiki na Yai Moja la Kichocho

Mtaalamu wa maabara anayetafuta kichocho cha matumbo katika choo cha mgonjwa wa Ukerewe hahitaji lenzi kali. Yai lake lina urefu wa takriban maikromita 140, na mwiba wake wa ubavuni huonekana kwa lenzi ya mara 10. Akigeukia vimelea vya malaria kwenye damu, atahitaji lenzi ya mara 100 na tone la mafuta. Kwa hiyo hadubini ikisifiwa kuwa bora, tuulize kwanza: kwa kazi gani?

OpenFlexure ni hadubini ya usanifu huria, inayochapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D. Ilianzia Uingereza, ikaendelezwa pamoja na STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2020 wabunifu wake waliandika kuwa zaidi ya 100 zilikuwa zimeundwa Tanzania na Kenya. Jukwaa lake halina reli za kusuguana. Plastiki yenyewe hupinda kidogo na kuisogeza sampuli.

Wengi husifu kwamba mchoro hupatikana bure. Mimi sioni kama hilo linatosha. Faili la umbo peke yake halimwambii fundi wa Nyakato, jijini Mwanza, achape tabaka nene kiasi gani, skrubu aikaze hadi wapi, wala atajuaje kuwa alichounda kiko sawa. Ujuzi huo ukibaki kichwani mwa mbunifu, siku akiondoka kifaa huishia kabatini. Ndiyo maana naithamini GitBuilding, programu iliyotoka kwa wabunifu hao hao: husaidia kuandika maelekezo hatua kwa hatua na hukusanya yenyewe orodha ya vipuri. Nao mwongozo wa Ujerumani wa 2020, DIN SPEC 3105, unataka nyaraka za vifaa huria zikaguliwe na wengine, hadharani.

Kwa Mwanza, ukaguzi huo ufanyike kwa slaidi. Kipimo cha Kato-Katz hutumia miligramu 41.7 za choo, na kila yai lililoonekana huzidishwa kwa 24. Mayai matano ni 120 kwa gramu, maambukizi ya wastani. Manne ni 96, maambukizi mepesi. Yai moja lililopotea kwenye ukungu wa lenzi linabadilisha daraja la mgonjwa. Slaidi zilezile zihesabiwe kwa hadubini ya hospitali na kwa ile ya plastiki, iliyoundwa na mtu asiyewahi kukutana na mbunifu. Tofauti zote, hata zinazoaibisha, ziandikwe ndani ya maelekezo yenyewe, ili fundi wa Sengerema azisome kabla hajawasha printa.