Boma Lililolipuliwa, Duka Lililobaki: Alama za Kale za Bukoba na Muleba (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizitazama falme za Wahaya kabla wageni hawajapiga kambi ufukweni. Leo tunayageukia majengo: yaliyojengwa tangu Emin Pasha alipotua Bukoba mwaka 1890, yaliyolipuliwa, yaliyooza, na yale ambayo watu hupita kando yake kila siku wakielekea bandarini au uwanja wa ndege.

Kwanza tuweke mipaka ya zama zenyewe. Waingereza hulihesabu kundi zima la majengo yao kwa jina la Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi alipofariki Januari 22, 1901. Huku kwetu malkia huyo hakujenga hata banda. Jina lake lilibandikwa ziwani na John Hanning Speke mwaka 1858, lakini bendera iliyopepea Bukoba miaka kumi ya mwisho ya uhai wake ilikuwa ya mjukuu wake, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Kwa hiyo msomaji anayetafuta zama za Victoria katika mji huu atazikuta zimevaa nguo za Kijerumani.

Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alikuwa daktari aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Mvumbuzi Stanley alimtoa huko mwaka 1889 kwa kelele nyingi za magazeti, na mwaka uliofuata Schnitzer akawashangaza Waingereza kwa kuingia katika utumishi wa Wajerumani. Aliondoka Bagamoyo Aprili 1890 na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha kituo katika uwanda wa ufukweni, mahali ambapo kisiwa cha Musira kinaonekana waziwazi. Sababu za kuchagua mahali hapo hazikuwa za siri. Aliyekaa pale aliweza kuwatazama watawala wa Kihaya waliogawanyika, kuikaribia Buganda bila kuingia katika himaya ya Waingereza, na kutumia ziwa kama barabara. Yeye mwenyewe hakukaa. Februari 1891 alielekea magharibi, na Oktoba 1892 akauawa Kongo. Kituo kikabaki mikononi mwa Wilhelm Langheld, na kambi ikakua kuwa boma.

Boma hilo ndilo alama kuu ya Bukoba iliyopotea, na tunajua hata siku lilipopotea. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa na mnara wa simu isiyo na waya Bukoba, na Waingereza waliokuwa Kisumu hawakuupenda. Juni 20, 1915 askari wapatao 1,500 walipakiwa katika meli za ziwani chini ya Brigedia Jenerali James Stewart. Walikuwamo askari wa King's African Rifles, Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire, mizinga kutoka India, na kikosi cha ajabu cha Royal Fusiliers kilichoongozwa na Kanali Daniel Driscoll. Kikosi hicho kilikusanya wawindaji, wasafiri na watu wa kila aina. Mmoja wao alikuwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa tembo, aliyekuwa na miaka 63.

Meli zilishusha askari alfajiri ya Juni 22 kaskazini ya mji, chini ya miinuko mikali ambayo Wajerumani hawakutegemea mtu angeipanda. Mapigano yaliendelea siku mbili katika vilima, migomba na vinamasi. Juni 23 Waingereza waliingia mjini, wakauangusha mnara na kulilipua boma. Halafu ikaja sehemu ambayo vitabu vya ushindi huipitia haraka: askari waliachiwa mji waupore, nao wakaupora. Jioni walirudi melini na kwenda zao, maana hawakuwa wamekuja kukaa. Waingereza waliishika Bukoba moja kwa moja mwaka 1916.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linajibu swali ambalo wageni huuliza mara kwa mara: mbona Bukoba, yenye historia ndefu ya Kijerumani, haina ngome kama mji mwingine wa mkoa huohuo? Biharamulo boma la Kijerumani lipo. La Bukoba lilikuwa jengo la vita, na vita ndivyo vilivyoliondoa.

Lakini nadhani tunakosea tunapoanza hesabu ya hasara na boma. Alama kubwa zaidi za zama hizo zilikuwa za nyasi. Kikale, yaani makao ya Omukama (mfalme), kilikuwa mji mdogo wenye nyumba za mushonge, paa lake likishuka hadi chini kama kofia iliyovutwa machoni, pamoja na nyua, njia na nyumba za ibada, kila moja na watu wake na kazi yake. Nyumba ya namna hiyo huishi kwa kuezekwa upya. Palipo na mtawala mwenye watu wa kukata nyasi, kikale husimama, na watu wakiondoka, mvua za ziwani hazihitaji miaka mingi kukimaliza. Mfalme akifa, mahali pake pa maziko, gashani, palilindwa kwa heshima na miiko, na ndiyo maana wanaakiolojia waliokuja baadaye walipata pa kuanzia. Utafiti wa Peter Schmidt huko Katuruka, karibu na Maruku, kuanzia miaka ya 1970, ulionyesha kwamba watu wa eneo hilo walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mbele ya umri huo, boma la Emin Pasha ni la juzi.

Wapo watawala walioamua mapema kuhamia kwenye matofali. Kahigi wa Kianja, aliyewatumia Wajerumani kupanua eneo lake kwa ustadi kuliko jirani yake yeyote, alijengewa jumba la Kizungu Kanazi, upande wa barabara iendayo Kemondo na Muleba. Alifariki mwaka 1916, mwaka uleule waliomjengea walipofukuzwa. Mwaka 1963, utawala wa machifu ulipofutwa kisheria, majumba kama hilo yalipoteza kazi yake kwa siku moja, yakawa mali ya familia zisizo na kodi wala watumishi wa kuyatunza. Hapo ndipo ninapoona kanuni inayotawala suala hili zima. Unene wa ukuta haukuwa na neno sana. Jengo lililodumu ni lile ambalo watu waliendelea kulihitaji asubuhi iliyofuata.

Kanuni hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye misheni. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na Wakatoliki walioshindwa wakasambaa. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Mapadre Weupe alielekea kusini, na Desemba mwaka huo misheni ya Kashozi ikaanzishwa juu ya mji wa Bukoba. Hii ni misheni iliyozaliwa na ukimbizi, jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya kanisa hulitaja kwa sauti ndogo. Kutoka hapo ukatoka mtandao ulioshuka hadi Muleba: Kagondo, Rubya, Rutabo. Rubya, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilipata seminari, na mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea kusini mwa nchi, mapadre wanne wa kwanza Waafrika wa nchi hii walipewa upadrisho hapo. Hospitali ikafuata. Walutheri nao, kupitia Misheni ya Betheli iliyofika mwaka 1910, walijijenga Ndolage, katika nyanda za Kamachumu.

Muleba haikuwa na mji wa kikoloni, kwa hiyo haina mtaa wa maduka ya kale wala ngome. Hazina yake ni vilima hivi vya misheni, navyo viko hai: kengele zinalia, wagonjwa wanapanga foleni, wanafunzi wanalala mabwenini. Bukongo ya Kamachumu ndiko alikozaliwa Laurean Rugambwa mwaka 1912. Akawa askofu mwaka 1952, na makao ya jimbo lake yakawa Rutabo, kijijini kabisa, hadi jimbo lilipobadilishwa na kuitwa Bukoba mwaka 1960, mwaka huohuo alipofanywa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Alifariki mwaka 1997 akazikwa Kashozi, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba mjini. Kanisa hilo ni la enzi za uhuru na halimo katika mada yetu, ila limechukua nafasi ambayo boma lilikuwa nayo: ndilo linaloutambulisha mji kwenye picha.

Muleba ina alama nyingine isiyo na ukuta. Kisiwa cha Bumbire ndipo Stanley alipogombana na wenyeji Aprili 1875, na Agosti akarudi na mitumbwi yenye bunduki, akaua makumi ya watu waliosimama ufukweni. Habari ilipochapishwa London ililaaniwa hata na baadhi ya raia wa Victoria mwenyewe. Ukiorodhesha maeneo ya kihistoria ya wilaya hii na kuiacha Bumbire, orodha yako ina dosari.

Turudi mjini. Duka Kubwa, duka la Wajerumani lililo upande wa ziwani, limesimama kwa sababu biashara haikusimama. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia walijenga Mtaa wa Jamhuri na mitaa jirani kwa kahawa: duka chini, familia juu au nyuma, baraza mbele ya kumkinga mteja na mvua. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ilihamisha mengi ya namna hii nchini kwenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji anayejua nyumba si yake hapaki rangi, na mwenye nyumba aliye mbali haoni paa linalovuja.

Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitoa hukumu yake. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliumia kiasi cha kufungwa, na Ihungo ikajengwa upya. Kuta za mawe au matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege juu ya madirisha, hubeba uzito vizuri miaka mia ikiwa ardhi imetulia, lakini zikisukumwa kwa ubavu hufunguka kwenye pembe. Udhaifu huo mafundi wanaweza kuuziba bila kubomoa, iwapo mtu atawaita mapema.

Nani awaite? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sheria hiyo inamtosha mtu wa Kilwa au Bagamoyo. Bukoba ilianza mwaka 1890. Hivyo hakuna hata jengo moja la mji huu, wala misheni moja ya Muleba, lenye ulinzi wa moja kwa moja, wakati mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa. Njia iliyobaki ni waziri mwenye dhamana kutangaza jengo au eneo kuwa kumbukumbu, na waziri hatangazi asichoombwa.

Ombi langu kwa Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba ni dogo: tengenezeni orodha kabla ya kutoa vibali vingine vya kubomoa. Ianze na Duka Kubwa, Mtaa wa Jamhuri, jumba la Kanazi na Kashozi (kwa kushirikiana na wenzenu wa Bukoba Vijijini), Rubya na Ndolage, kisha ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale. Nawe msomaji mwenye picha za zamani za mji, hasa za boma kabla ya 1915 au za vikale vya nyasi, zipigie nakala uzipeleke Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itahusu bandari na meli, kuanzia zile za 1915 hadi MV Victoria.