Falsafa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mtafiti wa tiba anayehitimu ngazi ya juu kabisa ya masomo hutunukiwa shahada ambayo jina lake kamili ni Daktari wa Falsafa. Kwa Kiswahili huitwa shahada ya uzamivu, jina linalomkumbusha msomaji mzamiaji anayeshuka chini ya bahari kutafuta kilichofichika. Hata hivyo, wengi wanaoipata katika fani za afya humaliza masomo yao bila kusoma falsafa hata kwa muhula mmoja. Hujifunza kupima vimelea, kuchambua takwimu na kuandika tasnifu, lakini swali la msingi, yaani ni kitu gani kinachostahili kuitwa maarifa, huachwa lijijibu lenyewe.

Muuguzi wa zahanati, au mzazi aliyempakata mtoto mwenye homa, ana haki ya kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Jibu linapatikana katika utafiti mmoja uliofanyika Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa na homa kali pamoja na dalili za mshtuko, yaani mzunguko wa damu usiokidhi mahitaji ya mwili, alitakiwa kuongezewa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Hoja yake ilieleweka kwa urahisi: ikiwa damu haifiki vizuri viungoni, ongeza ujazo wake. Madaktari waliothubutu kuuliza ushahidi wa hoja hiyo kwa watoto wa Kiafrika, katika wodi zisizo na mashine za kupumulia, walikuwa wachache.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland waliuliza swali hilo katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Utafiti wao ulijulikana kwa jina la FEAST. Katika sehemu yake kuu, watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa kwa haraka maji yenye albumini, waliopewa kwa haraka maji ya chumvi, na wale ambao hawakupewa maji ya haraka ila matunzo mengine yote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, asilimia 10.6 ya kundi la kwanza na asilimia 10.5 ya kundi la pili walikuwa wamefariki. Katika kundi la tatu, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Tiba iliyoaminiwa kuokoa ilikuwa imeongeza vifo vya takriban watoto watatu katika kila mia moja.

Ni lazima tahadhari iwekwe hapa. Utafiti huo haukuwahusisha watoto wenye kuharisha na kutapika kunakotokana na maambukizi ya tumbo, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha bado anahitaji maji, na mzazi asiache kumpa maji ya chumvi-sukari (ORS) wala kumwahisha kituoni kwa sababu ya habari hizi.

Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba dalili za mshtuko zilitulia upesi zaidi kwa watoto waliopewa maji ya haraka. Baada ya saa moja, daktari aliyesimama kando ya kitanda angemwona mtoto akipata nafuu, na angeapa kwamba tiba inafanya kazi. Macho yake yasingemdanganya kuhusu alichokiona. Kosa lingekuwa katika hitimisho. Hakuna daktari awezaye kumwona mtoto yuleyule, saa ileile, akiwa amepewa tiba na akiwa hakupewa. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alieleza katika karne ya 18 kwamba binadamu huona jambo moja likifuatwa na jingine, lakini haoni kwa macho kile kinacholifungamanisha la kwanza na la pili. Kundi la ulinganisho na ugawaji wa bahati nasibu ni njia za kitabibu za kukabiliana na tatizo hilo. Mwanafunzi wa uzamivu anayezitumia bila kujua zinajibu swali gani huzifuata kama desturi, na desturi huvunjwa kwa urahisi pindi muda au fedha zinapopungua.

Naye Karl Popper, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1934, alishikilia kwamba dai la kisayansi ni lile linaloweza kuonyeshwa kuwa si kweli. Kwa kipimo hicho, mtafiti hutakiwa kuuliza mapema: ni matokeo gani yatakayonifanya nikubali kwamba nimekosea? Tasnifu isiyoweza kulijibu swali hilo inatafuta uthibitisho wa kile ambacho mwandishi wake alikwisha kukiamini.

Falsafa hugusa pia maana ya maneno. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jamii ilitambua degedege kuwa ugonjwa unaojitegemea, wakati hospitali iliona katika dalili hizohizo malaria kali. Mtafiti anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza, “Je, mtoto wako aliugua malaria?” anaweza kujibiwa “hapana” na mama mkweli kabisa ambaye mtoto wake alipata degedege wiki iliyopita. Takwimu zitahesabiwa vizuri, na jibu litakuwa na kasoro. Kabla ya kuhesabu wagonjwa, mtafiti anapaswa kujua ni nani anayeuita ugonjwa huo ugonjwa, na kwa jina gani.

Tawi la tatu ni maadili. Katika utafiti wa FEAST, mzazi wa mtoto mahututi hakuweza kusomewa kurasa za maelezo huku kila dakika ikihesabika. Ilikubalika kwamba, pale ilipobidi, mzazi aombwe kwanza idhini fupi ya mdomo, kisha apewe maelezo kamili na kuombwa ridhaa baada ya hali kutulia. Je, ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa? Na kama isingeruhusiwa, ni watoto wangapi zaidi wangeendelea kupewa tiba yenye madhara kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuichunguza? Kibali cha kamati ya maadili ni sharti la kila utafiti wa aina hii, lakini fomu ya kibali haimfundishi mtafiti kupima mizani hiyo.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani kimejaribu kuliziba pengo hili. Katika shule yake ya afya ya jamii, Gundula Bosch na Arturo Casadevall walisimamia programu iitwayo R3, iliyojengwa juu ya nguzo tatu: umakini wa mbinu, uwajibikaji, na uwezekano wa matokeo kurudiwa na watafiti wengine. Mwaka 2018, Bosch aliandika katika jarida la Nature akitetea mafunzo yanayomfanya mwanafunzi wa uzamivu kuwa mwanafikra, si bingwa wa fani finyu peke yake.

Vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki havihitaji kuiga mtaala huo neno kwa neno. Wapo wanaosema kwamba miaka ya uzamivu ni michache, ufadhili una kikomo, na maabara haingoji. Hoja hiyo ina uzito, na somo la kukariri majina ya wanafalsafa kwa ajili ya mtihani litaithibitisha. Kinachofaa ni mafunzo mafupi ya mwanzo, kabla ya pendekezo la utafiti kuandikwa, ambapo mwanafunzi huitetea hoja yake mbele ya wenzake wa fani nyingine: mantiki yake, maana ya istilahi zake, ushahidi utakaoweza kumpinga, na wajibu wake kwa watakaoshiriki. Msimamizi naye ahudhurie, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kuuliza kwa uhuru pale ambapo mwalimu hapendi kuulizwa. Kuuliza si ujinga.

Faida yake haiishii chuoni. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika utafiti anaweza kumuuliza mtafiti mambo matatu: ni kitu gani ambacho bado hakijulikani, utajuaje kama umekosea, na mimi nitaambiwa nini matokeo yakipatikana? Mtafiti aliyeandaliwa vyema atayajibu kwa lugha ya mgonjwa, bila kukasirika. Akishindwa, mgonjwa ana haki ya kusubiri kabla ya kutia saini.