Makumbusho ya ng'ambo na swali la mwanafunzi wa Jericho

Mkenya anayefika London kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi au mwalimu aliyekwenda kozi, hakosi kutajiwa British Museum. Kiingilio ni bure, nayo ni hoja tosha kwa mgeni anayehesabu kila senti. Nami nilikwenda, mwaka 2011, nimevaa koti la kuazima. Nilishinda humo kutwa nikitazama maiti za Misri zilizokaushwa na sanamu za marumaru za Wayunani, nikapiga picha hadi betri ikaniishia. Niliporejea darasani mtaani Jericho, niliwasimulia wanafunzi wangu kwa madaha. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono: "Mwalimu, na chetu kilikuwepo?"

Sikuwa na jibu, kwani sikuwa nimeuliza.

Laiti ningaliuliza, ningaliambiwa habari za Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana na alama ya enzi ya wafalme wao. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliitwaa mwaka 1902, na mwaka 1908 ikakabidhiwa jumba hilo la London. Haikuwekwa pa kutazamwa na wapita njia, ilitiwa ghalani. Mwaka 2010 Baiba Dhidha Mjidho, wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo, alikwenda huko akaonyeshwa, baada ya zaidi ya miaka mia moja ambamo watu wake hawakuiona. Hebu fikiri, msomaji: mjukuu anabisha hodi kwa wageni ili aione ngoma ya babu yake! Na kuirudisha si kazi nyepesi, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inalikataza jumba hilo kutoa mali yake ila kwa sababu chache mno.

Wapo wasemao kwamba Mwafrika anayeingia katika majumba kama hayo anaubariki unyang'anyi. Rai hiyo siiafiki. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, kisha akapitia Abuja, Nigeria, alikojifunza kwa wafinyanzi wanawake. Leo vyungu vyake ni miongoni mwa hazina za British Museum lile lile. Je, angalifika alipofika kama angalijifungia nyumbani kwa hasira? Macho yanayosafiri hujifunza, mradi mwenyewe ajue anatafuta nini.

Wala si lazima kila mara sisi tuwe watazamaji. Hapa karibu nasi, katika kijiji cha Lunga Lunga huko Mukuru, kando ya eneo la viwanda, vijana walianzisha kikundi cha sanaa kiitwacho Wajukuu mwaka 2004. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta yanayofanyika kila baada ya miaka mitano. Lango la mojawapo ya majumba ya maonyesho hayo walilifunika kwa mabati, aina ile ile tunayoezekea vibanda vyetu, na wageni wakalazimika kupita humo ndipo waingie. Mwaka huo huo wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Mabati yale yalinifurahisha kuliko marumaru yote niliyoyapiga picha.

Linaloniuma ni hili: mwanafunzi wa Kaloleni, Makongeni au Kayole huweza kukutajia mchoraji wa Mona Lisa bila kusita, na hajawahi kukanyaga Museum Hill. Ni matatu mbili tu, moja hadi mjini na nyingine kuelekea Westlands. (Matatu zenyewe, hasa za Buruburu, zina michoro ambayo sijui kwa nini walimu wa sanaa hawaisomeshi.) Sisi walimu tunasingizia mitihani. Mtoto huyo akijaliwa kupata nafasi ya masomo ng'ambo, atatambuaje kigango cha Wamijikenda ndani ya kabati la kioo, ilhali hakuwahi kukiona kwao?

Kijana yule wa swali alimaliza shule, akawa mchoraji wa matatu. Mwaka 2021 nilimtafuta, tukaenda pamoja Museum Hill kutazama maonyesho kuhusu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Watafiti walikuwa wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 katika majumba ya Ulaya na Marekani. Baadhi ya makabati ya vioo yalikuwa yameachwa matupu makusudi, kwa ajili ya vitu visivyokuwepo. Nilimwambia kwamba jibu la swali lake ndilo hilo, nikamwomba radhi kwa kuchelewa miaka kumi.

Hakunijibu. Alitoa daftari mfukoni, akaketi sakafuni, akaanza kulichora kabati tupu.